Aliyeketi Kifuani Pangu

Sikuombi uniamini upesi, msomaji. Mimi mwenyewe nilihitimu chuo kikuu nikiwa na hakika kwamba mambo haya huwapata wengine. Lakini nilimwona, nyumbani kwangu Ilomba, hapa Mbeya, mke wangu akiwa ubavuni na mlango umefungwa kwa komeo.

Niliamka siwezi kuinua hata kidole. Kifuani pangu ameketi mwanamke mzee, kitenge kimemfunika kichwa, mzito kama gunia la mpunga. Nilitaka kupiga kelele, hewa haikuingia. Alipoinama nikamtambua: shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye tulikuwa tukiishi naye, na wakati huo alikuwa amelala chumba cha pili! Nikavuta pumzi kwa kishindo. Hayupo.

Nilimweleza mke wangu, Atupele, kwamba nimekabwa na bibi mmoja. Jina sikulitaja. Kaka yake, Lusajo, aliyesikia habari hiyo kwake, ndiye aliyelitaja. Kwa muda mrefu nilikuwa naamka nimechoka, kichwa kinauma, nasinzia hata mezani, na huku kwetu nani asiyejua tafsiri ya uchovu huo? Unalimishwa usiku na wachawi.

"Shemeji," Lusajo alicheka, "mpunga wa shangazi yako kule Rujewa umestawi, wa jirani zake umekauka. Nani anamlimia bibi yule kama si wewe?"

Kisha akaacha kucheka. Alitaka shangazi aondoke kabla ya Jumapili, la sivyo yeye angewaambia majirani. Unajua linalompata bibi kizee akishatajwa hivyo. Asubuhi nilimkuta shangazi amefunga mizigo, ilhali nyumba yake ya Mlandege, Iringa, ilikwisha kuuzwa.

"Niende tu, baba," aliniambia. "Midomo ya watu siiwezi."

Atupele ndiye aliyemzuia. "Kitandani sijawahi kumkosa mume wangu," alisema. "Ila anakoroma, halafu ananyamaza kimya, mpaka namtikisa ndipo anapumua."

Akanipeleka kwa daktari, mama mmoja mpole, aliyetupatia kifaa cha kuvaa nyumbani: mkanda wa kifuani, kimrija chini ya pua, kibanio cha kidoleni. Nikalala nacho. Tulipokirudisha, Lusajo alifuatana nasi.

"Koo lake hulegea usingizini, njia ya hewa ikaziba," daktari alieleza. "Pumzi inasimama, oksijeni inashuka, mwili unashtuka, tena na tena. Akili ikiamka kabla ya mwili, hofu hujitafutia sura. Na mkanda unaonyesha alilala chali. Hakutoka kitandani."

"Daktari," Lusajo alidakia, "wachawi wakimchukua mtu huacha gogo la mgomba mahali pake. Mkanda utajuaje?"

Daktari hakumcheka. Alimgeuzia kioo cha kompyuta, mstari ukipanda na kushuka. "Mdogo wangu, gogo la mgomba halina mapigo ya moyo. Haya ni ya shemeji yako, usiku kucha."

Lusajo aliufuata mstari ule kwa kidole hadi mwisho. Jioni yeye mwenyewe aliibeba mizigo ya shangazi kuirudisha chumbani.

"Bibi, humu umeweka nini, mbona mzigo mzito hivi?"

"Ulimi wako, mjukuu."

Tulicheka, naye akainamisha kichwa na kumwomba radhi.

Siku hizi nalala na barakoa ya mashine inayosukuma hewa, naamka mwepesi, na kila asubuhi nashukuru: kwa Atupele aliyeisikiliza pumzi yangu nikiwa sijijui, kwa daktari, kwa kile kifaa kidogo. Yule mgeni hajarudi. Hata hivyo nikiri jambo moja. Uso ule niliuona wazi kama ninavyoiona karatasi hii, na kama wangenisimamisha mbele ya watu, ningeapa. Hilo hunitisha kuliko uzito wake.

Basi nawe, ukiamka umekabwa, na sura ya mtu ungali nayo machoni, funga mdomo wako. Kwanza muulize uliyelala naye chumba kimoja jinsi ulivyopumua, kisha nenda hospitali. Jina likishatoka mdomoni, hakuna mashine ya kulirudisha.