Mtoto wa Kuazima

Siku Fundi alipompima karani wa dirisha la nne kwa mara ya kwanza, kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na mbili. Mwaka wa tatu kikawa thelathini na nne, wa sita thelathini na saba. Sasa, mwaka wa tisa, suruali ya karani haikuwa na kitambaa cha kuachia tena, na Fundi alimwambia wazi: "Bosi, ama ununue nyingine ama ufunge mdomo." Vipimo vyote vimo kwenye daftari lake. Wengine huhesabu miaka kwa kalenda. Yeye aliihesabu kwa tumbo la mtu aliyekuwa akimsubirisha.

Cherehani yake ilikaa nje ya ukuta wa ofisi ya uandikishaji, upande wa barabara. Alipunguza suruali, alitanua mashati, alibadilisha zipu. Mchana karani alitoka akamwita "Fundi wangu" na kucheka naye. Lakini Fundi akiingia ndani na kusimama dirishani, yule yule alimtazama kama mgeni aliyeshuka kutoka mbinguni.

"Jina kamili?"

"Si jana tu nimekutia zipu?"

"Jina kamili, mama."

Alitaja. Karani alibonyeza kompyuta, akangoja, akatikisa kichwa. Mfumo umekataa. Uso wake ulikuwa tayari umeandikishwa kwa jina lingine, kwa hiyo huyu wa sasa ni wa pili, na wa pili hapewi uraia.

"Jina gani hilo lingine?"

"Siwezi kukuambia. Taarifa za mtu mwingine ni siri."

"Mtu mwingine nani, wakati uso ni wangu?"

"Subira yavuta heri, mama."

"Nimevuta mpaka kamba imekatika!"

Miaka tisa, maneno yale yale. Na kurudi kwao hakukuwepo. Alivushwa mpaka wa nchi akiwa na miaka mitatu, mgongoni mwa baba yake, na ofisi ya wilaya waliyotoka iliteketea pamoja na vitabu vyake. Huko hawamjui, huku hawamtaki. Angevumilia hata hivyo, maana cherehani haiulizi kitambulisho. Lakini binti yake alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, naye bila nambari ya uraia ya mama asingeandikishwa. Mwisho ni Ijumaa saa tisa alasiri. Leo ilikuwa Alhamisi, na kwa mawazo Fundi alikuwa ameshona mguu wa suruali ya mtu ukafungwa chini kama mfuko.

Jioni hiyo, akiufumua mguu huo kwa hasira, alikumbuka sweta. Sweta ya kijani, iliyomwasha shingoni. Haikuwa yake. Aliivaa asubuhi moja tu, kwenye kambi ya wakimbizi, siku ya kuhesabiwa.

Siku ya kuhesabiwa kila kaya ilipanga foleni mbele ya hema lake, ikapigwa picha na kuandikwa, na mgao wa mahindi ukafuata idadi ya vichwa. Mwenye vichwa vingi alishiba. Basi watoto waliazimwa kama sufuria. Jirani yao wa safu ya mbele, ambaye baadaye watu walimbandika jina la Mzee Hesabu, alikuwa na mke tu. Alikuja kwa baba yake Fundi, mwenye watoto watano, akaomba mmoja. "Mchukue," alisema baba, "ila nirudishie kabla hawajafika safu yetu." Mtoto akavishwa sweta, akahesabiwa kwa Mzee, akarudishwa mbio, akavuliwa sweta, akahesabiwa kwa baba yake. Watu walicheka mwaka mzima. Nani angejua kwamba mahindi yataisha na karatasi zibaki?

Asubuhi ya Ijumaa alimkuta Mzee Hesabu akiota jua kibarazani.

"Nikisema nilidanganya, si watanifunga?"

"Baba, una miaka themanini na moja. Watakufunga wapi? Hata gerezani siku hizi wanataka kitambulisho."

"Mimi ninacho," alisema mzee.

Hilo lilimchoma Fundi. Kisha akamshika mkono, akampa fimbo yake, wakaenda. Binti aliwafuata na bahasha ya chuo.

Dirishani, mzee alisema yote kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. "Huyu nilimwazima. Nilimpa jina la marehemu mama yangu." Akalitaja.

Karani alibonyeza. Kisha akainuka, jambo ambalo Fundi hakuwahi kuliona, akaenda kwenye kabati la chuma na kurudi na kadi iliyoshika vumbi. Kadi ya uraia, tayari, imepigwa muhuri. Familia za safu ya mbele ziliingia nchini mwaka uliokubaliwa, zikapewa uraia zote kwa pamoja. Safu ya baba yake iliingia miezi minane baadaye, haikupewa kitu hadi leo.

"Imekaa humo muda gani?" aliuliza Fundi.

"Miaka kumi na moja. Mwenyewe hakuja kuichukua."

"Na mimi nilikuwa wapi? Si hapo nje, nikikutanulia suruali?"

"Hukuja kwa jina hili, mama."

Fundi alikasirika. Alitaka kumvuta karani kwa kiuno kile alichokijua inchi kwa inchi. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu.

"Nipe basi."

"Lazima kwanza tufunge faili la jina ulilokuwa ukija nalo. Uso mmoja, faili moja. Na kufunga kunataka sababu, nazo ni mbili tu: kahama nchi au kafa. Kuhama kunataka pasi ya kusafiria."

Binti alimshika mama yake kiwiko. "Mama, acha. Nitaomba tena mwakani."

Fundi alimtazama. Mwakani karani atakuwa inchi arobaini.

"Lete fomu," alisema.

Kwenye nafasi ya jina la marehemu aliandika jina alilopewa na baba yake, yule aliyembeba siku sita barabarani na kuliita kila alipohisi mtoto kanyamaza mno mgongoni. Aliliandika polepole, kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa mara ya kwanza karatasi ya serikali kulipokea bila ubishi.

Chini yake fomu iliuliza: uhusiano wa mtoa taarifa na marehemu. Kalamu ilisimama. Mzee Hesabu aliangalia sakafu. Fundi akaandika: jirani.

Karani alinakili nambari ya kadi kwenye barua ya chuo, na binti akatoka mbio. Kisha karani akagonga muhuri kwenye fomu na, kwa mazoea ya kazi, bila kuinua macho, akasema, "Pole sana kwa msiba, mama."

"Asante," alisema Fundi. "Alikuwa mtoto wa watu."