Baraza Si Nyumba

Kila asubuhi shuleni tuliimba kwamba elimu ni haki ya kila mtoto. Tuliimba kwa nguvu, maana aliyeimba kivivu alichapwa. Mimi nilikuwa naimba kuliko wote, mimi niliyeamka kwenye baraza la duka la vitenge pale Kariakoo, nikanawa uso kwenye bomba la sokoni na kuvaa sare niliyoilalia usiku kucha ili ijinyooshe.

Tulikuwa wawili, mama na mimi. Baba alipofariki, mwenye nyumba wetu wa Buguruni alisubiri arobaini ipite, kisha akatutolea vitu nje kwa adabu kabisa, hata kikombe hakikuvunjika. Mwenye duka la vitenge, mtu wa Kilimanjaro, alituruhusu kulala barazani kwake kwa sharti kwamba akija kufungua akute pamefagiliwa na sisi hatupo. Mchana mama alichambua mchele wa wafanyabiashara wa sokoni, nami nilisoma.

Mtaa ule ulikuwa na balozi wake, kiongozi wa Chama wa nyumba kumi. Siku hizo sukari ilikuwa imeadimika, na balozi ndiye aliyeichukua kwenye duka la ushirika na kuigawa kwa idadi ya watu. Sisi alituhesabu. Alituhesabu kwa furaha. Mgao ukitoka alitupa kikombe kimoja, iliyobaki ikaingia kwake, na mama akasema ahsante, ndugu balozi. Mama alikuwa na ahsante nyingi mno.

Nilipokuwa darasa la saba, mtihani ukiwa umekaribia, mwalimu mkuu alitangaza kwamba kila mtahiniwa aje na balozi wa mahali anapoishi, aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto ni wa mtaa. Asiye na balozi hafanyi mtihani. Wimbo wa asubuhi haukubadilishwa.

Mama akanishika mkono tukaenda kwa balozi. Alikuwa anakunywa chai, na ilikuwa tamu, maana nzi walijua.

“Ndugu balozi, tunaomba ukamsemee mtoto shuleni.”

“Nikamsemee nini? Mimi nina nyumba kumi. Baraza si nyumba.”

“Mbona kwenye sukari tumo?” mama akauliza. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kuelewa tu.

Balozi akaweka kikombe chini. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo.

“Basi mtoto nitamchukua. Nitasema anaishi kwangu, mtoto wa ndugu yangu wa Lindi. Mke wangu naye anataka mtu wa kumchotea maji. Lakini wewe sikujui. Wakisikia ana mama anayelala nje, wataniuliza kwa nini sikuripoti mzururaji, na mtoto watamfukuza.”

“Sawa,” mama akasema.

Nilimchukia kwa ile sawa. Nilimchukia njia nzima tukirudi dukani, yeye akinieleza jinsi nitakavyolala ndani kama watu.

Siku ya kuthibitishwa mama aliahidi kubaki sokoni. Hakubaki. Tulikuwa ofisini, balozi na shati lake la Chama, mimi na nywele nilizosukwa na mama mwenyewe jana yake, mara nikamwona mlangoni na kanga zake. Alitaka kuona tu mwanawe akikubaliwa.

“Na huyu mama?” mwalimu mkuu akauliza.

“Kibarua wa sokoni,” balozi akajibu haraka. “Atakuwa amepotea.”

“Mama, una shida gani?”

“Sina shida, mwalimu. Nilidhani hapa ndipo zahanati.”

Mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua miwani. Balozi naye akacheka. Kisha nikaulizwa mama yangu yuko wapi, nikasema Lindi, nikaambiwa nimpeleke huyu mshamba getini na nisizubae. Pale getini mama alinyoosha mkono aniweke kola sawa, akakumbuka, akaurudisha.

Nikahamia jikoni kwa balozi. Maji nilichota, mtihani niliusubiri, na jioni nilipita barazani kama mpita njia, mama akinisogezea kiporo bila kunitazama.

Kisha serikali ikaamua kusafisha jiji, kila asiye na kazi arudishwe kijijini akalime. Alfajiri moja mgambo walipita Kariakoo wakazoa waliolala kwenye mabaraza. Nilipofika na ndoo nikakuta mkeka tu. Nikatupa ndoo, nikakimbia na sare yangu hadi Mnazi Mmoja, ambako watu walikalishwa chini wakisubiri malori. Mabalozi walikuwa wameitwa kutambua watu wao. Mzazi mwenye mtoto shuleni angeachiwa mpaka mtoto amalize. Hiyo nayo ilikuwa haki, ilitangazwa kwa kipaza sauti.

“Shikamoo, afande. Huyu ni mama yangu. Nasoma darasa la saba.”

“Marahaba. Balozi wenu nani?”

Balozi alikuwa amesimama hapo hapo. Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyeamshwa mapema.

“Mtoto huyu yuko kwangu,” akasema. “Mama yake yuko Lindi. Hata mwalimu mkuu anajua.”

“Mbona anasema ni huyu?” Afande akanigeukia. “Wewe, kama huyu ni mama yako, basi shuleni ulidanganya. Nimwite mwalimu mkuu?”

Nilifungua mdomo niseme amwite. Naapa nilifungua. Mtihani ningeutupa kama ile ndoo.

“Hakuna haja, afande,” mama akawahi. “Mimi sina mtoto. Katoto haka kananionea huruma tu, huwa kanapita pale nilipokuwa nalala.” Ndipo akanitazama, usoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu nihame. “Nenda shule, mtoto wa watu. Unachelewa.”

Wakampandisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa tayari ndani ya lori akamvuta mkono, na mama akamwambia ahsante.

Nilienda shule. Mtihani niliufanya nikafaulu, nikasoma hadi nikashiba. Mama sikumwona tena. Mpaka leo mtu akinipongeza kwa elimu yangu natamani kumzaba kibao.