Zabibu Chini ya Chandarua

Mwaka wa korona, kwetu Makutupora, ni mwaka tuliokula zabibu na ugali. Usicheke. Zabibu asubuhi, zabibu jioni, hadi mbuzi wangu wakazisusa, wakanitazama kama mchawi.

Mnunuzi wetu wa kila msimu, kijana wa mjini mwenye kitambi, alikuja barakoa ikiwa kidevuni.

"Shikamoo bibi. Mvinyo umejaa mapipani, hoteli zimefungwa, wageni hawaji. Nipe shamba zima kwa bei ya kutupa, la sivyo zitakuozea."

Shamba lile ndilo linalotulisha, mimi, binti yangu na wajukuu wanne. Nikamjibu, "Zabibu zangu hazitoki shambani mbichi."

"Utazichemsha, bibi?" Akacheka mpaka barakoa ikadondoka.

Kusema kweli sikuwa na mpango wowote. Mdomo ulitangulia. Binti yangu akashika kichwa: "Mama, umetumaliza!"

Lakini mimi nimezaliwa Haneti, nchi ya ukame. Mama yangu alikausha mlenda juu ya jiwe, tukaula kiangazi chote. Basi nami nikamwaga zabibu jiweni, jua la saa sita. Jioni zilikuwa nyeusi, zimepasuka, chungu, na nyigu wamejaa kama wamealikwa harusi. Mjinga mimi! Mlenda ni jani, zabibu ni kibuyu cha maji.

Nikajenga kichanja cha miti kivulini, upepo upite chini. Nikavua chandarua cha kitanda changu, nikafunika. Mbu walinila mimi, nyigu hawakuonja zabibu. Majirani walipoona, wakaleta vyandarua vyao, tukachuma shamba zima. Wiki ya tatu zikakunjamana kama uso wangu, tamu kama asali.

Nikabeba ndoo hadi mjini, kwa mama mmoja wa Kondoa anayeuza viungo. Sikukuu ilikuwa imekaribia, watu wanataka pilau, naye zabibu zake kavu za kutoka ng'ambo zilikuwa zimekwama huko huko na meli. Akatia moja mdomoni, akafumba macho.

"Mama, mipaka imefungwa. Hizi zimepita wapi?"

"Zimepita kitandani kwangu!"

Akachukua ndoo ile, na zote zilizobaki nyumbani. Mfanyabiashara mwenzake wa Bujumbura naye hakuwa na hata punje, kwa hiyo magunia mawili yakapanda lori, dereva akalala mpakani siku kadhaa akisubiri majibu ya kipimo. Mimi ambaye sijawahi kuvuka hata bwawa la Mtera, zabibu zangu zimevuka nchi! Siku aliponiambia yamefika, nilipiga vigelegele peke yangu mle dukani kwake, wateja wakasogea mbali wakidhani homa imenipanda kichwani.

Msimu uliofuata yule kijana akarudi na lori tupu, barakoa hana.

"Shikamoo bibi! Hoteli zimefunguliwa. Safari hii nakupa bei nzuri, niite vibarua wachume?"

Binti yangu alikuwa uani anaanika vyandarua vilivyofuliwa. Akanitazama, akaziba mdomo kwa kanga asicheke.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema. "Zabibu zangu hazitoki shambani mbichi."