Chupa Tatu za Muhogo wa Nyanungu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bomani Tarime, viatu vilinibana kuliko mitihani yote ya shule ya jioni. Ilikuwa miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza bado iko juu. Bwana Afya wa wilaya, mtu mwenye sauti ya kufika Sirari bila simu, aliniuliza kama najua kuandika. Nikamjibu naweza hata kwa mguu. Akanipa magazeti ya zamani na mbao mbili zenye mikanda, akasema nianze na mkono.

Tulikuwa tunachunguza muhogo. Mmea huu hujitengenezea sumu ili wanyama wasiumalize, na ukame ukizidi, sumu nayo huzidi. Nilibana majani ndani ya magazeti, kati ya zile mbao, yakauke bila kujikunja, kisha nikaandika jina linalotumiwa na wenyeji. Hiyo ndiyo sampuli. Kule Nyambureti nilibana majani mengi hata mbuzi wakaanza kuniangalia vibaya. Mkulima mmoja alinieleza kwa nini anapanda muhogo mchungu: nyani akionja, anahamia kwa jirani.

Sumu tuliipima kwa karatasi za njano zilizochovywa dawa. Unatia unga na maji kidogo kwenye chupa, unaning'iniza karatasi chini ya kizibo, unasubiri. Sumu hupanda kama hewa, na karatasi hugeuka rangi ya tofali.

"Karani, usipime chupa moja," Bwana Afya alinionya. "Weka na ya pili unayojua ni safi."

Mwaka wa ukame nikapelekwa Nyanungu. Mjane mmoja, Mama Robi, alikuwa amewapikia ugali wa muhogo majirani waliokuja kumpalilia shamba. Jioni ile wote walitapika na kupata kizunguzungu. Walipona, lakini wazee walishasema amewalisha uchawi, na nilipofika, kesho yake angefukuzwa, aache shamba na ng'ombe wake wawili.

Niliwaamkia wazee shikamoo, nikaomba kupima unga wake. Mzee Chacha, aliyekuwa mkali kuliko wote, alisema karatasi yangu nayo huenda ni uchawi. Nikamwambia basi achukue chupa ya pili, atie unga wa nyumbani kwake, ambako hakuna aliyetapika, aishike mwenyewe. Akakubali kwa madaha.

Mchana karatasi ya Mama Robi ikawa rangi ya tofali. Ya Mzee Chacha pia.

Watu wakacheka. "Karani, karatasi yako inamchukia kila mtu," mmoja akasema. Mama Robi hakucheka. Mimi nililowa jasho kama niliyevuka Mto Mara kwa miguu. Chupa yangu safi haikuwa safi, na bila hiyo sikuwa na neno.

Nikauliza waliuvundika muhogo siku ngapi, yaani kuurundika na kuufunika hadi uote ukungu unaopunguza sumu, ndipo uanikwe. Mama Robi akasema usiku mmoja tu, maana wapalizi waliwahi na ghala lilikuwa tupu. Nikamgeukia mke wa Mzee Chacha.

"Usiku mmoja," akajibu. "Huyu alisema ana njaa."

Bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema wa kwake ulikaa siku tatu, kama alivyofundishwa na mama yake, njaa au hakuna njaa. Wazee wakakubali kungoja. Tukafunga chupa ya tatu yenye unga wake, bibi akaondoka nayo kifuani kama mtoto mchanga. Asubuhi akairudisha mbele ya wote, na karatasi ilikuwa njano kama ua la boga.

Mzee Chacha alizipanga zile chupa tatu mbele yake. Wiki nzima alikuwa akilalamikia kichwa, akisingizia jua.

"Basi," akasema, "kama Mama Robi anafukuzwa, nifungieni na mimi mzigo."

Hakuna aliyefungiwa mzigo. Mama Robi alibaki kwenye shamba lake.

Nilistaafu nikiwa na vyeti vya kujaza ukuta, na nyinyi vijana sasa mna mashine za kupima sumu kabla mtu hajakohoa. Nawapongeza. Lakini mkifika kijijini na mashine zenu, mtafuteni kwanza yule bibi wa nyuma. Mimi nilikuwa na karatasi. Yeye alikuwa na chupa safi.