Mama Mdogo Anaita Kwenye Tekno

Kwenye kibanda changu cha Bulengera, pembezoni mwa Butembo, nachaji simu za watu na kuwajazia nyimbo kwenye kadi. Madereva wa pikipiki wanataka rumba, akina mama wanataka kwaya, na askari walioletwa kwetu kutoka mikoa ya mbali wanataka vitu vya Kilingala ambavyo wanavijua wao tu. Mimi, kwa ukaidi wangu, napenda tekno, muziki wa ngoma za kompyuta. Tena ile inayotengenezwa na watu wasiojulikana, inayotolewa kila Ijumaa na kampuni ndogo ambazo ofisi zao ni jikoni kwa mtu, ikachezwa kwenye maghala na vyumba vya chini ya ardhi katika miji ambayo sitaiona. Ijumaa asubuhi, mtandao ukinihurumia, nashusha nyimbo mpya na kuzisikiliza kabla sijafungua dirisha la kibanda.

Zamani nilikuwa na mchezo. Nilimchomekea mteja wimbo mmoja wa namna hiyo katikati ya zile alizochagua, kisha nikasubiri arudi amenuna. Dereva mmoja aliweka kadi mezani akasema imeharibika, wimbo umekwama, unarudia neno moja tangu Bulengera mpaka mjini. Nilicheka nikashika mbavu. Nikamweleza kwamba haujakwama, ndivyo ulivyotungwa, unarudia mpaka mwili ukubali wenyewe. Alinitazama kwa huruma, akaomba rumba yake.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, aliolewa na mkulima wa kakao Mutwanga, chini ya Rwenzori. Nilipokwenda kuwasalimia mwaka ule nilikuwa tayari natunga na mimi, kwa hiyo simu yangu haikukaa mfukoni. Nilinasa mvua kwenye bati. Nilinasa reki ikigeuza kakao juu ya turubai. Halafu nikamnasa mama mdogo, amesimama mlangoni pa jiko, akimwita mumewe aliyekuwa ng'ambo ya kijito: "Kuya! Kuya kula, muzee, bugali iko napoa. Na ile kofia yako, leo mbuzi ataikula!" Akacheka peke yake, kisha akaendelea kumlalamikia juu ya kuni, juu ya mchwa, juu ya jirani anayepitisha mbuzi wake uani, kana kwamba mzee wa watu yuko pale pale mbele yake. Baba mdogo alikuja polepole, maana ni mtu asiye na haraka wala maneno, akakuta bugali imepoa kweli.

Nilipomsikilizisha mama mdogo sauti yake alifunika uso kwa kitenge akacheka. Nilimwambia nitaitia kwenye muziki wa kucheza. Akasema sawa, lakini nisisahau kumwonyesha hao wazungu wakicheza.

Kompyuta yangu ni kuukuu na nafasi yake ni ya kubanana, hivyo nilikata neno moja tu nikaliingiza humo: "kuya", yaani njoo. K yake ilikuwa kali, a yake imefunguka, na nilipoliweka juu ya ngoma lilikaa bila kulazimishwa. Maneno mengine yote niliyaacha kwenye kadi ya simu. Niliuchonga wimbo ule msimu mzima wa mvua, nikautuma kwa kampuni moja ndogo ya Ulaya, sikutegemea kitu. Wakajibu. Walisema wangeutoa kwenye santuri na mtandaoni pia, Ijumaa fulani. Niliruka kibandani mpaka bati likanigonga kichwa.

Wiki ya Ijumaa hiyo mama mdogo alishikwa na homa. Wakampakia kwenye pikapu wampeleke hospitali Beni. Njiani wakasimamishwa kwenye kizuizi, mbele kulikuwa na risasi, na askari wakasema wangojee. Wakangojea. Dereva alizima injini ili mafuta yasiishe. Askari mmoja alileta maji kwenye chupa yake mwenyewe, akaomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyezianzisha zile risasi. Baba mdogo alimpepea mke wake kwa ile kofia. Barabara ilipofunguliwa, mama mdogo alikuwa amekwisha kukata roho, kichwa chake kiko juu ya mapaja ya mumewe. Mimi ni mtu wa hasira, lakini nilitafuta mtu wa kumkasirikia katika habari ile nikamkosa, na hilo liliniumiza kuliko hasira yenyewe.

Matanga yalikaa Beni, nyumbani kwa mjomba wangu mkubwa, kaka yake marehemu. Kwetu penye matanga redio inanyamaza, na ya jirani pia. Ijumaa ikafika, tumekaa wanaume tumezunguka moto uani, na simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwangu. Wimbo ulikuwa umetoka. Watu nisiowajua walikuwa wananipongeza. Mmoja aliandika kwamba ile sauti lazima ni ya tambiko la msituni, imemsisimua mwili. Tambiko gani, ni bugali inayopoa! Mwingine alituma video: chumba cheusi, taa nyekundu, mamia ya mikono juu, na mama yangu mdogo akiwaambia kuya, kuya, kuya.

Niliizima haraka, ila binti wa mjomba alikuwa nyuma yangu. Akaenda kumwambia baba yake. Jioni haijaingia, nikaitwa mbele ya wazee wa ukoo wa mama yangu.

Mjomba hakupaza sauti. Alieleza kwamba mtu aliyekufa juzi hapaswi kusikika akiita watu waje, maana anawaita waje wapi? Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mufu akiita, iko mwenye ataitika," akasema. "Toa hiyo neno, mutoto wangu."

Niliandika kwa ile kampuni pale pale, nikiwaomba waliondoe lile neno. Jibu lilikuja la adabu sana. Walisikitika, walinipa pole, lakini santuri zilikwisha kwenda madukani, huko mtandaoni kuondoa kungechukua majuma, na kilichonunuliwa hakirudi. Niliwatafsiria wazee, mstari kwa mstari, nikijisikia mjinga. Mjomba akauliza sauti yenyewe iko ndani ya nini. Nikaanza kueleza mtandao, nikajikanyaga, nikaanza upya. Akanikatiza akasema anataka kuona kwa macho kitu ambacho ndani yake mna sauti ya dada yake.

Kitu cha kuonekana nilikuwa nacho kimoja tu. Nilitoa kadi kwenye simu nikaiweka kiganjani mwake, ndogo kuliko ukucha wake. Nilidhani anataka kuitazama. Aliitazama kweli, akafanya ishara ya msalaba, akaitupa motoni.

Upande wa pili wa moto alikaa baba mdogo kwenye kigoda. Nilimwona akifungua mdomo. Kwetu mwanamume hawapingi kaka wakubwa wa mke wake, na siku kama ile ndiyo kabisa, kwa sababu alikabidhiwa binti mzima naye amewarudishia maiti. Akaufunga mdomo. Kadi ikatoa harufu ya plastiki, kidogo tu, ikaisha.

Ndivyo walivyochoma sauti nzima, na lile neno moja lisilochomeka likaendelea kutembea duniani. Wimbo ulipendwa. Ulitajwa kati ya nyimbo mpya nzuri za mwezi, kwenye kurasa nilizokuwa nazisoma tangu ujana wangu nikiota kutajwa humo. Nilichokuwa nakitaka nilikipata chote, nikakaa kibandani kichwa mikononi. Kila Ijumaa niliwaandikia wale wa kampuni, na kila Jumatatu walinijibu kwamba wanashughulikia.

Mvua zilipopungua, baba mdogo akaja Butembo. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na tope mpaka magotini na kofia yake mkononi. Alikaa kwenye benchi la wateja akasubiri mpaka wa mwisho aondoke. Nilimpa chai, akaishika tu.

"Photo yake niko nayo," akasema. "Lakini photo haisemi. Uniwekee ile yenye iko nasema."

Nikauweka wimbo, nikapunguza sauti ya spika ili majirani wasisikie. Ngoma ilienda peke yake muda mrefu, na mzee akaivumilia, ameinamisha kichwa. Halafu neno likaingia. Kuya. Aliinua kichwa akatazama mlangoni. Kuya. Kuya. Kuya. Alisubiri. Nilimwona midomo yake ikitangulia maneno yanayofuata, ambayo hayakufuata.

"Imekwama?" akaniuliza.

Maelezo nilikuwa nayo, nimeyatoa kwa madereva miaka na miaka, nikiyacheka. Siku ile niliyaacha. Nilimwambia kwamba neno ni hilo moja tu, mengine yote yalikuwa kwenye ile kadi. Nikamkumbushia mkewe alivyosema, bugali, kofia, mbuzi, kuni, jirani. Alinisikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni akimweleza njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe.

"Ile najua," akasema. "Acha iendelee."

Tukaketi. Dereva mmoja akachungulia dirishani kudai simu yake, nikamwashiria angoje. Mama mdogo aliita, akaita, mpaka nikatamani kuuvunja mkono wangu uliolikata lile neno. Kisha sauti yake ikaondoka, ikabaki ngoma, na ngoma nayo ikaisha. Baba mdogo hakusogea. Kofia ilikuwa juu ya magoti, macho yako kwenye spika.

"Rudisha ku mwanzo," akasema. "Pengine sasa atamalizia."

Nikarudisha mwanzo.