Tuliacha mstari mmoja wa nyanya uugue, mama yangu akashindwa kuvumilia

Habari zenu wakuu. Wa jukwaa la kilimo na nyie mnaopita tu, nawasalimu wote.

Naleta jambo lililotokea shambani kwetu na sitaongeza chumvi. Mwenye kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Mimi naishi Kaloleni ya Arusha mjini, nina kiduka cha spea za pikipiki. Shamba ni la mama yangu, juu ya Sekei ukipanda mlima. Sisi ni Waarusha, mama tunamwita yeyo. Yeyo analima nyanya tangu sijaanza shule, na sokoni kuna wateja wanaomuulizia kwa jina.

Tatizo lilikuwa kifua. Miaka yote yeyo alipiga dawa ya ukungu mwenyewe, bomba mgongoni, khanga imefungwa puani, basi. Ikafika mahali kikohozi kikakataa kuondoka. Daktari akamwambia mbele yangu: mama, kifua hiki na hizo dawa vitengane, la sivyo hatufiki mbali.

Yeyo akaitikia vizuri kabisa. Tukarudi nyumbani, siku ya kupiga dawa ilipofika akavaa bomba.

Najua mtauliza kwa nini nisiweke kijana wa kupiga. Niliweka. Kijana akishaondoka, yeyo anapita nyuma yake anarudia. Anasema wanapiga juu juu, chini ya jani hawafiki. Kumwambia aache nyanya nilijaribu mara moja, siku hiyo sikupewa hata chai.

Sasa nina binamu yangu, Neema, anafanya kazi kwenye maabara ya mambo ya mimea hapa mjini. Akaniambia kitu nikamcheka. Kwamba mimea inapeana taarifa. Jani likivamiwa na ukungu linatoa kemikali, na majani mengine yakizipata yanajiandaa kabla adui hajafika. Ni kama mtu akigonga bati mtaani, wote mnaamka mnakagua milango.

Wataalamu wakagundua kwamba unaweza kuupa mmea hiyo signal, yaani ishara ya hatari, mapema. Kuna moja inatengenezwa kwa maganda ya kamba, wale wa baharini, maana ndani yake kuna kitu kinachofanana na ngozi ya ukungu. Nyanya ikiguswa nayo inadhani imevamiwa, inaamsha ulinzi wake yenyewe.

Haiui ukungu, wakuu. Hapo ndipo wengi wanapochemka. Wanaipiga majani yakishakauka, halafu wanakuja humu kulia kwamba wametapeliwa.

Mimi nikaona hii ndiyo njia ya kumvua yeyo lile bomba la sumu.

Neema akatoa sharti moja. Lazima uwepo mstari usiopigwa kitu chochote, wenyewe wanauita control. Bila huo, alisema, msimu ukiwa mzuri mtaisifia dawa, ukiwa mbaya mtailaumu, na hamtakuwa mmejua lolote.

Nikachagua mstari wa pembeni unaopakana na njia, ili nisichanganye. Nilijiona nimepanga mambo kisomi. Nikamweleza yeyo kwamba mistari mingine yote nitapuliza hii kitu mwenyewe kila nikija, ila huu wa njiani hauguswi hata ukifa.

Akaniangalia. "Hata ukifa?"

Nikamwambia hata ukifa.

"Sawa, baba."

Anayemjua yeyo anaijua "sawa" ya namna ile. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi dukani.

Masika yakaingia. Kwa majirani bakajani ikaanza, yale madoa ya kahawia yenye miduara, majani yanakauka kuanzia chini kupanda juu. Kwetu mistari ya signal ilikuwa na madoa machache tu kwenye majani ya chini. Nikafurahi. Nikaenda kuangalia ule wa njiani nione ulivyoharibika.

Kijani. Unapendeza kuliko yote.

Nilisimama pale nikajisikia mjinga. Kama ambao haujapigwa kitu uko vile, basi ile signal haijafanya lolote, ni ugonjwa tu haujatufikia. Na wakati huohuo kikohozi cha yeyo, kilichokuwa kimepungua tangu aache bomba, kilikuwa kimerudi. Nikasema ni baridi la mlimani.

Nikampigia Neema, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kesho yake nikanunua dawa ya ukungu ya kawaida, nikampelekea yeyo, nikamwambia nitatafuta mpigaji mwingine. Moyoni nilijua nani atapiga. Iliniuma sana, maana nilikuwa namrudishia mama yangu kitu kinachommaliza, na nilikuwa nimechoka kubishana.

Yeyo akaipokea chupa, akaigeuzageuza, akaiweka chini. Akasema nimfuate.

Tukaufuata mstari wa njiani mpaka mwisho, pale unapoingia nyuma ya migomba. Huko sikuwahi kufika, mimi ni wale wa kukagua shamba na viatu vya mjini. Nyuma ya migomba mstari uleule ulikuwa umekauka. Yamebaki mashina na nyanya chache zenye kidonda cheusi kwenye kikonyo. Na mstari wa signal, hapo pembeni yake, umesimama na majani yake.

"Huku hakuna anayepita," akasema. "Huku nimeacha kama ulivyosema."

Ndipo akanieleza. Njia ile ndiyo ya kanisani, Jumapili usharika mzima unapita pale. Madoa yalipoanza, mwenzake mmoja wa kwaya alisimama akamuuliza kwa upole kama nguvu zimeisha, waje wamsaidie. Yeyo alikosa raha wiki nzima. Akatoa bomba lake stoo, pamoja na dawa iliyobaki, akapiga sehemu inayoonekana tu. Na akaendelea kupiga.

Nikamwambia si ungeniambia, yeyo.

"Na wewe nani alikufundisha kuanika ugonjwa njiani?"

Nikacheka, halafu nikaacha, kwa sababu alikuwa ameanza kukohoa tena.

Nimelifikiria sana hili jambo. Angeweza kunyamaza. Chupa alikuwa nayo mkononi, bomba analo, aibu yake ingebaki siri yake. Alichagua kuonekana mkaidi mbele ya mtoto wake kuliko kuniacha nitupe kitu kinachofanya kazi. Mimi, msomi wa spea, nilimwambia asiguse mstari, sikumuuliza hata siku moja atajisikiaje ukifa mbele ya watu wake.

Chupa niliirudisha nilikoinunua. Neema nikamwomba radhi, akacheka mpaka simu ikakata.

Kwa watakaouliza, sio muujiza. Mvua ikizidi madoa bado yapo. Majani ya chini tunapunguza, mimea tunaifunga kwenye miti isilale chini, na signal inapigwa kabla ugonjwa haujaonekana, sio baada.

Msimu uliofuata nikamwambia yeyo safari hii control tuiweke nyuma ya migomba. Akakataa. Akataka palepale njiani. Bomba lake la zamani alilitoboa mwenyewe kwa msumari, akatafuta ubao, akaandika kwa rangi: HUU UMEACHWA UUGUE.

Jumapili moja nikamkuta amesimama pale na wanakwaya wenzake, mstari umekauka mbele yao, ile ya kijani iko nyuma yake. Anawaeleza habari za majani kupeana taarifa. Ule mfano wa kugonga bati anautoa kana kwamba ni wake. Nilisimama mbali kidogo nikamsikiliza mpaka akamaliza. Hakukohoa hata mara moja.

Nilichojifunza ni kwamba jaribio linafanyika kwenye shamba la mtu, na huyo mtu ana majirani. Ukilisahau hilo, majibu utakayopata ni ya uongo.

Haya, wenye uzoefu na hizi signal kwenye kahawa au viazi shukeni hapa, mtuambie na zilipowashinda. Na wewe mwenye mzazi shambani, niambie ukweli: ungekubali mstari wako ufe njiani, Jumapili, watu wakitoka kanisani?