Jiwe Lisilopakwa Nta

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana vidole vyangu vilinuka nta mpaka jioni.

Nilikuwa mgeni kazini, kwenye maabara moja mjini Kisii. Tulikuwa tukipima jiwe linameza mwanga kiasi gani, na kiasi gani linautawanya pande zote. Chombo chetu kilikuwa mviringo kama mpira, kitupu na cheupe pe ndani, chenye tundu la kuingizia mwanga.

Kule Birongo, hospitalini, walikuwa wanajenga wodi ya akina mama, na walitaka jiwe la ukutani litakalosambaza mwanga wa mchana. Baba yangu na wachongaji wenzake wa kule Tabaka walileta vipande kumi na viwili vya jiwe la sabuni, lile laini la kuchonga. Visipopita, kazi ingekwenda kwa wenye vigae vya mbali.

Basi mimi, binti wa mchongaji, nikafanya kile tulichofanya nyumbani kabla mnunuzi hajafika. Nikavipaka nta, nikasugua mpaka vikang'aa. Nilijiona mjanja kweli.

Kumbe mng'ao ule ulirudisha mwanga moja kwa moja, ukatoka kwa tundu lile lile ulikoingilia. Chombo kikauhesabu kama umemezwa. Jiwe la baba likaonekana la giza, nami nikakosa pa kuweka uso.

Mkuu wangu, Mzee Onsongo, mtu wa Nyansiongo asiye na maneno mengi, alinusa kipande kimoja.

"Moraa, nilikuomba jiwe. Hii ni nta."

"Nilitaka baba apite, mzee."

"Kwani ulimwona hatoshi?"

Swali hilo liliniuma, na bado linaniuma. Lakini sikukaa kujihurumia. Nta ilikuwa imeshaingia ndani ya jiwe, kwa hiyo nilikwaruza kila kipande kwa msasa, siku mbili nzima, kucha zikaisha. Nikaandika kwenye ripoti kwamba kosa lilikuwa langu, nikapima upya. Kumi vilipita. Viwili vilianguka, nikaviandika hivyo hivyo. Baba alipoambiwa alicheka tu, akasema hivyo viwili hata yeye alivishuku.

Mwanangu, kesho unaenda kwa usaili, na nimeona ulivyoipamba ile barua yako ya kuomba kazi. Futa yasiyo yako. Nenda ulivyo, na ukianguka, utajua pa kuanzia.

Wewe ulizaliwa katika wodi ile, yenye kuta za jiwe lile, saa nne asubuhi. Stima ilikuwa imepotea, na mkunga hakuomba taa. Mungu akutangulie, akupe moyo wa kupimwa ulivyo.